Soma Kwanza Hicho cha Kliniki, Mdogo Wangu

Hakuna swali linalorudi kwenye kona hii kama hili: "Dada, nina mimba, ninunue kitabu gani?" Wameniuliza wa Ukunda, wameniuliza wa Msambweni, na safari hii ni wewe wa Gazi, mimba ya kwanza, miezi minne, mume mvuvi, na mavyaa mko naye nyumba moja. Unasema umeona kwenye simu vitabu vya wajawazito vyenye picha nzuri na karatasi inayong'aa, bei yake ingetosha beseni, leso mbili na nepi za mtoto. Unaogopa usipovisoma utakuwa mama mjinga. Tena mavyaa amekusikia ukiulizia akacheka: "Sisi tulizaa bila vitabu."

Tulia kwanza. Huna kosa, na hofu hiyo inawapata wote, hata waliosoma mpaka chuo kikuu. Na mavyaa usigombane naye, maana asemalo ni kweli nusu. Walizaa bila vitabu, ndiyo. Lakini siku akiwa na nafasi, mmekaa mnamenya muhogo, muulize taratibu walizika wangapi. Utaona anavyonyamaza. Wazee wetu hawakukataa maarifa, hawakupata pa kuyachukua tu. Na usidhani mama kumwandikia mwanawe ushauri ni mambo ya Wazungu. Pwani hii hii Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi mzima mwaka 1858, akiwa kitandani mgonjwa. Hakuandika habari za kliniki, aliandika habari za dini na ndoa kwa jinsi ya zama zake, lakini wazo ni hilo hilo: anayejua amwachie asiyejua neno litakalobaki.

Sasa nami nikuulize. Kile kitabu cha kliniki ulichopewa siku ya kwanza, kiko wapi?

Najua kilipo. Kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho, kikasukumwa chini ya godoro au ndani ya sanduku la leso. Kinatoka siku ya kliniki tu. Unakibeba, sista anakipokea, anaandika, anakurudishia, nawe unakirudisha chini ya godoro hujafungua hata ukurasa mmoja. Halafu unaniuliza ununue kitabu gani! Mdogo wangu, kitabu unacho. Kabla hujatoa senti kwa kingine, soma hicho.

Zamani mama alikuwa na kadi yake na mtoto na yake, zikipotea moja moja. Tangu 2010 Kenya imeziunganisha zikawa kitabu kimoja cha mama na mtoto, kinachoanzia mimba kikaendelea mpaka mtoto ana miaka mitano. Si wazo letu peke yetu. Wajapani walianza na kitabu cha namna hiyo mwaka 1948, nchi yao imetoka vitani, njaa imejaa na watoto wanakufa, na nchi nyingine zikaiga. Ndani yake mna presha yako, uzito wako, kiwango cha damu, kundi la damu, vipimo vya mkojo, vya kaswende na vya virusi vya Ukimwi, sindano za pepopunda, tarehe ya kutarajia kujifungua, dalili za hatari, kisha chanjo za mtoto, uzito wake mwezi kwa mwezi, na namna ya kumlisha. Hicho kitabu cha karatasi inayong'aa kinazungumza na mwanamke yeyote duniani. Hiki cha kliniki kina jina lako na damu yako.

Najua utakaloniambia. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, na alichoandika sista ni herufi tatu tatu zisizoeleweka hata na mwalimu. Kweli kabisa, nami hilo silipendi. Kitabu cha mama kingeandikwa kwa lugha anayolilia mama. Lakini tusingoje. Kila ukienda kliniki, kabla hujainuka kwenye kiti, weka kidole kwenye sanduku moja uulize: "Sista, hapa umeandika nini, na ni kizuri au kibaya?" Swali moja tu, maana foleni ni ndefu na sista naye ni binadamu. Siku hizi mama anatakiwa ahudhurie mara 8 kwa mimba moja, ya kwanza kabla wiki ya 12 haijapita. Maswali 8 ni mengi. Mpaka unajifungua utakuwa unakijua kitabu chako kuliko wanaokucheka.

Na akikukaripia? Uliza tena, kwa adabu. Wapo wakali, siwezi kukuficha. Ukali wake utakwisha pale pale, lakini usilolijua utarudi nalo nyumbani.

Kuna sababu nyingine ya kukificha chini ya godoro, ambayo huwa hamnitajii lakini naijua. Kitabu kina siri. Kina kipimo cha virusi, kina idadi ya mimba zilizotangulia, pengine imo moja ambayo mume haijui. Mama anaogopa wifi asikifungue. Hofu hiyo naiheshimu. Kwa hiyo sikwambii ukiweke mezani kila apitaye akisome. Nakwambia kurasa za vipimo ni zako na sista, na mumeo mkikubaliana, na ni vyema mkapimwe pamoja ili isiwe siri ya mmoja. Lakini kurasa za mafunzo, zile za dalili za hatari na chakula, hazina siri hata chembe. Kama hujui Kiingereza, mshike binti wa jirani aliye sekondari, ushikilie kitabu wewe mwenyewe mkononi, akusomee ukurasa huo huo mmoja. Hapo Gazi fedha za Mikoko Pamoja, tangu mradi ule wa kutunza mikoko uanze 2013, zimewavutia watu maji na kuwanunulia watoto vitabu vya shule. Mtoto aliyesomeshwa kwa mikoko akimsomea mama mjamzito kurasa mbili jioni, hapo faida imerudi nyumbani.

Sasa tuje kwenye ile tarehe ya kujifungua, maana hapo ndipo panapoleta ugomvi ndani ya nyumba. Nyanya anahesabu kwa mwezi mwandamo, na miezi tisa ya kuandama ni siku 265 au 266. Kliniki wanahesabu siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Pana wiki mbili hapo katikati, ndiyo maana kila nyumba kuna mama "aliyepitisha" na mkunga aliyeitwa mapema bure. Hakuna mjinga kati yao, kila mmoja na kalenda yake. Mweleze nyanya kwa upole. Kama hedhi ilianza tarehe 10 Septemba, ongeza miezi 9 ya ukutani na siku 7, unapata tarehe 17 Juni.

Na Juni ni nini kwa mke wa mvuvi? Ni kusi. Bahari imechafuka, vidau vimevutwa juu, samaki hakuna na pesa hakuna, mvua za masika zimeacha madimbwi na mbu wamejaa. Basi tarehe hiyo moja kwenye kitabu inakwambia mambo mengi kuliko kurasa 300 za kitabu cha ng'ambo. Inakwambia pesa ya bodaboda ya usiku, ya pamba na ya nguo za mtoto itafutwe sasa, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu. Inakwambia mumeo akitaka kwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, arudi lini. Kitabu kina mahali pa kupanga kujifungua: utazalia wapi, nani atakusindikiza, usafiri gani, nani atatoa damu ikihitajika. Wengi wenu mnapaacha patupu, eti kupanga ni kujitabiria mabaya. Hapana, mdogo wangu. Mungu hakasiriki ukiweka nauli. Kutoka Gazi hadi hospitali ya Msambweni si mbali mchana, lakini saa nane za usiku mvua inanyesha ni safari nyingine kabisa. Na ikibidi rufaa ya hospitali kuu ya Makadara, Mombasa, kuna kivuko cha Likoni mbele yako.

Habari ya malipo nayo iulizie mapema. Juni 2013 tuliambiwa kujifungua ni bure hospitali za serikali, ikaja bima ya Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 tunaambiwa bima ya SHA. Majina yanabadilika, uchungu wa kuzaa ni ule ule. Jiandikisheni wote wawili, kisha uliza kituoni kwako hasa wanataka nini siku hiyo. Usilifanye swali la kuuliza huku umeshika ukuta.

Hapa sasa nina neno na shemeji yangu, huyo mvuvi. Baba Fulani mtarajiwa, usijifiche nyuma ya gazeti. Umeambiwa kitabu ni cha mama na mtoto, ukaona wewe humo. Lakini siku mkeo atakapoanza kutokwa na damu, au kichwa kikampasua na macho yakaona giza, au uso na mikono ikavimba, au akashikwa na homa, au mtoto akaacha kucheza tumboni, au maji yakavunjika kabla ya wakati, yeye hatakuwa na nguvu ya kusoma. Atasoma nani? Mamako atasema ni mambo ya mimba, atulie apake mafuta. Wewe ndiwe unayetakiwa kusema hapana, twende. Na huwezi kulisema hilo mbele ya mama mzazi kama hujalijua mwenyewe. Ukurasa huo mmoja usome kabla hujashuka pwani. Presha ya mimba haina dawa nyumbani, tena ikiachwa huweza kuleta kifafa cha mimba. Nimeshuhudia nyumba zilizokaa kikao cha ukoo, mama yuko chumbani anapoteza fahamu, wanatafuta aliyemfanyia. Sitaki kulisimulia zaidi.

Turudi kwako. Kwa kuwa unakaa mahali pa malaria, kliniki watakupa chandarua bure, na kuanzia wiki ya 13 vidonge vitatu vya kuzuia malaria umeze pale pale, kila baada ya mwezi au zaidi. (Kama unatumia septrin kila siku, mwambie sista, maana dawa hizo haziendi pamoja.) Chandarua hicho ni chako na tumbo lako. Nikisikia kimefuga kuku au kimefunikia miche nitakuja Gazi mwenyewe. Watakupa pia vidonge vya kuongeza damu, na hivi ndivyo mnavyovitupa. Vinakufanya choo kiwe cheusi, vinaleta kichefuchefu, unaona vinakudhuru. Havikudhuru. Meza usiku baada ya chakula, usimeze na chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Na ule mchanga unaoutafuna kwa siri, nao tuuseme. Usione haya. Watafiti walipowauliza wajawazito kule Kilifi miaka ya 1990, zaidi ya nusu walisema wanakula udongo. Ni hamu inayokuja na mimba, na mara nyingi inaandamana na upungufu wa damu. Lakini udongo haukuongezei damu, unaweza kukuletea minyoo, na baadhi ya minyoo huinyonya hiyo damu kidogo iliyobaki. Mwambie sista, atakupima. Mficha uchi hazai, walisema wazee.

Kwa chakula sitakuchosha, kwa sababu unacho mlangoni. Majani ya kunde, mchunga, kisamvu, mchicha, samaki, dagaa, kunde, pojo, mayai, maembe na mapapai yakiwa msimu. Kitabu cha ng'ambo kitakwambia ule matunda ambayo Gazi hayajawahi kuonekana, ukajiona maskini bure. Na Ramadhani ikikukuta na tumbo, ruhusa ya kutofunga ipo kwa anayehofia nafsi yake au mwanawe, utalipa baadaye. Uliza sheikh, uliza na sista, kisha usimsikilize jirani.

Wazee wana methali: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Nusu ya kwanza nina ugomvi nayo, kwa hayo yote niliyokwisha kukueleza. Nusu ya pili naikubali kwa mikono miwili. Na hapa ndipo kitabu kinapotupwa: mtoto akishazaliwa salama, mama anaona kazi imekwisha.

Mara tu mtoto akitoka, mpe titi. Yale maziwa ya mwanzo ya manjano, dang'a, msiyakamue mkayamwaga eti ni machafu. Humo mna kinga ya kwanza ya mwanao. Kisha miezi 6 maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila maji ya sukari, bila uji. Najua joto la Gazi mwezi wa pili, na najua mavyaa atasema "mtoto ana kiu." Mwambie maziwa yana maji ya kutosha, ukinyonyesha zaidi kiu inakwisha. Usimwambie kwa ukali. Mwambie, "Mama, kitabu kimesema hivi," umwonyeshe. Hapo ndipo faida nyingine ya kitabu: kinabeba lawama badala yako. Mkaza mwana akisema peke yake ni mjeuri, kitabu kikisema ni serikali. Kitovu nacho usikipake majivu, wala udongo, wala chochote nyanya alichokihifadhi kwenye kopo. Paka ile dawa uliyopewa kituoni, au usipake kitu, kikauke. Na mtoto mchanga akikataa kunyonya, akipumua mbio mbio, akiwa wa moto au wa baridi sana, hiyo si ya kungoja asubuhi.

Sasa sikiliza hapa kwa makini, maana hapa ndipo ninapoumia zaidi. Katika kitabu kuna ukurasa wa mchoro wenye mistari inayopanda, wa wavulana mbali na wa wasichana mbali. Kila mwezi mtoto anapimwa uzito, sista anatia nukta, nukta zinaunganishwa. Mstari huo usome kama mumeo anavyosoma upepo. Ukipanda, furahi. Ukilala, mwezi huu nukta iko pale ilipokuwa mwezi uliopita, usingoje ushuke. Mtoto kwa macho bado anaonekana mzima, anacheka, lakini mstari umeshasema. Uliza sababu siku hiyo hiyo: amekuwa anaharisha? Uji ni mweupe mtupu? Umepata mimba nyingine ukamwachisha ghafla?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe huku kwetu una jina. Mtoto akishakonda, nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba, watu wananong'ona: chirwa. Maana yake wazazi wamevunja mwiko, mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Fikiria mama huyo. Mwanawe anadhoofika, na kila anayemtazama mtoto anamtazama yeye. Atampeleka kliniki apimwe mbele ya umati? Hampeleki. Anamfunika leso, anampitisha uchochoroni usiku kwenda kwa mganga. Mume anamshuku mke, mke anamshuku mume, na mtoto katikati anataka yai moja na kijiko cha karanga. Nisikilize mdogo wangu, na kama lilishakupata nisikilize zaidi: kukonda kwa mwanao si ushahidi wa zinaa. Sababu huwa ni chakula, ni kuharisha, ni malaria, ni minyoo, ni kifua kikuu, na nyingi ya hizo zina dawa. Hujalaaniwa. Mfunue mtoto, mpeleke mchana kweupe. Watampima mkono kwa ule utepe wa rangi, akiangukia nyekundu watampa siagi ya karanga ya matibabu, na mara nyingi anarudi kuwa mtoto ndani ya wiki chache. Kama huna uwezo wa kutoka, mwite mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Tangu Septemba 2023 serikali ilipowagawia wahudumu 100,000 mikoba ya vifaa, mizani na utepe huo vinatakiwa vije mpaka mlangoni. Na nyinyi majirani mnaonong'ona, mstari wa mwanao mmeuangalia lini?

Vivyo hivyo na degedege, mnayoiita nyuni. Mtoto akikakamaa macho yakageuka, huku kwetu mara nyingi ni homa kali, pengine malaria imepanda kichwani. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mbio hospitali. Ukitaka kumsomea dua, msomee njiani, haikatazwi.

Baada ya kukijua kitabu cha kliniki, sasa ukitaka kingine sikukatazi. Kipo *Mahali Pasipo na Daktari*, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha David Werner, aliyekiandika kwa ajili ya wanavijiji wa milimani Mexico miaka ya 1970. Kina michoro mingi na lugha ya kueleweka, na kina sura za mama, mkunga na mtoto. Ukipata nakala, tunza, lakini angalia imechapishwa lini. Nakala za zamani zina dawa na vipimo ambavyo vimeshabadilishwa, kwa hiyo michoro na usafi chukua, dozi muulize sista.

Maana vitabu huzeeka, hata vya wakubwa. Daktari Benjamin Spock wa Marekani alitoa kitabu chake cha kulea watoto mwaka 1946, kikauzwa nakala mamilioni, mama wa dunia nzima wakakilalia. Katika matoleo ya baadaye akashauri mtoto alazwe kifudifudi, eti akitapika asipaliwe. Alikuwa na nia njema. Miaka ya 1990, utafiti ulipoonyesha kuwa kulaza kifudifudi kunaongeza vifo vya ghafla vya watoto usingizini, Uingereza na Marekani zikawageuza mama wote: mlaze chali. Vifo vikapungua sana. Wako naye mlaze chali, hata akiwa amejikunja vizuri kifuani pako ukamhurumia.

Vitabu vya bure viogope zaidi kuliko vya kununua. Ukipewa kijitabu chenye picha ya mtoto mnene mwenye mashavu, geuza nyuma utazame nani amekichapisha. Kama ni muuza maziwa ya kopo, kifungie maandazi. Kenya ina sheria tangu 2012 inayokataza maziwa hayo kutangazwa kwa mama, lakini matangazo ni kama mchwa, hupita chini. Na hizo video za simu, ambapo dada mmoja mrembo anakwambia kitunguu maji kinageuza mtoto tumboni, cheka halafu ufunge data.

Mwisho nina ombi la wale ambao watoto wao wameshatembea. Chanjo haziishii miezi 9. Ya surua na rubela inarudiwa mtoto akiwa na miezi 18, na wengi wenu hamrudi kwa sababu mtoto anakimbia, mzima, na kitabu kimeshatoka kurasa. Kitoeni hata kama kimeliwa na panya. Kama kimepotea kabisa, nendeni kituo kile kile mlikoanzia, mseme ukweli kwamba kimepotea, wana rejista zao na watawaandikia kingine. Msiende kituo kipya mkajifanya ndiyo mara ya kwanza. Mtoto ana kovu la sindano mkononi, sista analiona.